Njia ya Mtoni Haikuzikwa Nawe

Baba,

Niwie radhi. Mwezi wa tisa huu toka tukuzike na sijakuandikia hata mstari. Kila nikishika kalamu Ruqia analia, au chungu kinaungua, au nalia mimi mwenyewe. Hukumwahi mjukuu wako huyu. Ana paji lako la uso, na ukaidi wako pia.

Nimekuja kukwambia ya njia. Ile ndia yako ya mtoni, toka hapa Faza kando ya mikoko mpaka Siyu, uliyokuwa ukiwapitisha wageni na mimi nyuma nimebeba maji. Bwana Kombo, aliyenunua shamba lile la kando, amevuta waya wa miba mpaka kwenye tope. Nilipomwuliza, akacheka. "Ndia ilikuwa ya babako. Imekwenda naye."

Baba, siku ileile nilipita chini ya waya wake.

Toka siku hiyo kila Alhamisi napita. Namfungua Ruqia mgongoni, namsukuma chini ya waya juu ya leso, kisha nalala kifudifudi nami napita. Buibui limechanika mahali pawili. Siku moja Bwana Kombo akanikuta nimejaa tope. "Mwanamke wewe, huna haya?" Nikamwambia, "Haya ninayo, Bwana Kombo. Njia ndiyo sina nyingine." Bi Mwanaisha, shoga yake mama, alikuwa nyuma yangu na kapu lake la simsim, akamwongezea: "Na wewe unayesimama kututazama tukitambaa, yako iko wapi?" Sasa tunapita wanawake saba.

Na magugu tunang'oa, vile ulivyotufunza: kila apitaye makaburini atoe salamu, ang'oe mche mmoja, aendelee. Zamani nikinung'unika. Jua kali, nawe unasimama kila kaburi unataja jina. "Sema nami," ukiniambia, nami nikisema huku macho yangu yako kwenye simu. Ah, Baba. Laiti ningesikiliza.

Maana kuhusu waya huu wazee wameamua tufuate desturi. Jumatatu, maji yakishakupwa, wao na chifu wataitembea njia yote. Anayesema ni njia ya watu hutangulia, akitaja kila kisima, kila kivuko, kila kaburi. Akikwama, waya unabaki. Mume wangu amepiga simu toka Ras Kitau, aliko kazini: "Mwachie ami yako atangulie, ni mwanamume." Ami, ambaye hata nusu ya njia hiyo hajaifika! Nimekataa. Nitatangulia mimi, na mtoto mgongoni.

Majina nimeyaandika daftarini. Nimebisha mlango wa kila mzee. Yamebaki matatu. Najua marehemu haombwi, huombewa, nami nakuombea kila nikisali. Hapa nakuuliza tu, kama binti anavyomwuliza babake. Na usinijie ndotoni, mtoto huyu hanipi usingizi. Nijie mchana, nikikuna nazi.

Kwaheri, Baba. Mola akupe nuru kaburini. Nakuahidi, Jumatatu sitatembea nyuma ya mtu. Ninavyohitaji bado uniletee ni hivi:

Jina la kisima kilichobomoka mdomo, ukishayapita magofu ya msikiti.

Jina la bibi aliyezikwa penye kaburi la sahani ya kaure.

Na jina la kile kivuko ulichonivusha begani nikiwa mdogo, maji yamekufika kifuani, ukaniambia, "Shika kichwa, mwanangu, usinikabe shingo." Hilo lisipokuja, nitasimama mbele yao wote niseme la zamani nimelisahau, na kuanzia leo kinaitwa kwa jina lako. Kisha nitavuka.