Kulima Bwawa kwa Kasia

Jumamosi jioni

Mabega yamegoma, na kosa ni langu. Miaka hamsini ya jembe imenizoesha kuinama na kuvuta, basi leo nikasimama juu ya ubao wa majini wa mjukuu wangu Mmbone na kulilima bwawa zima la Malinya kwa kasia.

"Kuka, babu yangu, unapanda mahindi?" aliniuliza kutoka ukingoni.

Alinieleza vizuri: kunja magoti kidogo, tazama mbele, tumbukiza bapa lote la kasia, kisha zungusha kiwiliwili. Mikono hushika tu. Kazi yenyewe ni ya tumbo na kiuno. Nilielewa nikiwa nimeshachoka.

Shida ni mke wangu. Alisema nikirudi nikiumwa, sitakwenda tena, nami nataka sana kwenda tena. Kwa hiyo mezani nilijikaza. Niliponyoosha mkono kumega obusuma, ugali wetu, mkono ulifika katikati ukakwama.

Akanitazama. Akaisogeza sahani karibu nami.

"Mzee, Jumamosi ijayo uzungushe kiuno," alisema. "Mmbone ameniambia ulikuwa unalima maji."