Waya wa Lori ya Sericho

Florence uko? Baba amenieleza jambo sasa hivi.

Ile lori babako Ekai aliendesha ikaungua njia ya Sericho, 1983. Waya zote zilifungwa na baba, akiwa fundi wa magari hapa Chechelesi.

Mwenye lori alikuwa anamharakisha. Kichwa cha waya ya betri baba hakukibana sawasawa. Alikivuta, akaona kinacheza. Aliona kinacheza, Florence! Akazungusha tepu juu, akasema, "Tayari, peleka."

Waya ilichomoka safarini, ikagusa chuma, lori ikawaka. Abiria waliruka wakapona, lakini babako akafutwa kazi, eti mzembe. Baba alikuwa amesimama hapo akisikia, asikiri kosa lake.

Leo amelia. "Ekai hakukosa. Ni mimi."

Ameshika fimbo, anakuja kwenu kwa miguu. Usimwambie babako. Wacha aambiwe na yeye mwenyewe.