Kiti cha Tatu Kwenye Helikopta

Dada yangu mpenzi,

Barua hii nataka ikukute mzima, umekaa, na chai iko karibu. Hapo pa kukaa napatilia mkazo. Shemeji anaendeleaje? Mgongo wake umeachia, au bado anatembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni? Wapwa zangu wapokee salamu za mjomba wao. Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, watoto wanakua ila viatu vyao vimekataa kukua nao, na Baba ni mzima kupita kiasi, jambo ambalo nitalifikia. Mimi pia sijambo, isipokuwa magoti, na hayo ni ya kazi. Fundi vigae akikuambia magoti hayamuumi, jua hana kazi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Dada, kwenye simu ungenikata kwenye sentensi ya pili. Umezoea kule wodini kusema neno moja na wauguzi wote wakakimbia. Barua haikatwi. Unaweza kuitupa, lakini nakujua, utainama kuiokota umalize.

Kwanza, ahsante kwa zawadi. Tiketi tatu za kuzungushwa juu ya jiji kwa helikopta, kwa Baba kutimiza miaka sabini! Hakuna mwingine ambaye angewaza hivyo. Mtu amekaa miaka thelathini na minane kwenye kibanda cha winchi, akipandisha vyuma na zege kwenye kila ghorofa lililoota hapa mjini, halafu anastaafu na kukalishwa kwenye nyumba isiyo na hata ngazi moja. Alizisoma zile tiketi, akavaa miwani, akazisoma upya. Jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa na habari. Aliwaambia majirani kwamba haendi kutalii, anakwenda kukagua kazi yake. Na kwa kuwa masikio yake aliyaacha kwenye injini za winchi, na yeye huongea kama bado yuko ghorofa ya ishirini, hata wasio majirani walipata taarifa.

Kiti kimoja ulimkatia Baba, kimoja mimi, kimoja wifi yako. Mimi unanijua. Nikipanda kiti kubadilisha balbu, naomba mtu anishike miguu. Baba alichagua kazi ya mawinguni, mimi nikachagua ya sakafuni, na wala si kwa bahati mbaya. Wifi yako naye aligoma mchana kweupe. Alisema chombo kinachokaa hewani kwa kupiga kelele chenyewe hakijiamini. Nikaanza kuona tumaini kwamba safari itaahirishwa. Baba akasema tusihangaike, kiti cha tatu ana mtu wa kukikalia. Nikamuuliza ni nani. Akawa hajasikia. Dada, Baba hasikii mambo mengi, lakini mimi najua kutosikia kwa masikio na kutosikia kwa makusudi.

Siku yenyewe alivaa ile suti ya kijivu ya siku ya kustaafu, akanyoa hadi kidevu kikang'aa. Tulipofika kwenye uwanja mdogo wa helikopta, tulimkuta mama mmoja amesimama langoni, mwembamba, nywele zimeingia mvi vizuri, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Baba akavua kofia. Nilimtambua. Ni yule mkutubi wa maktaba ya kata, aliyestaafu mwaka juzi lakini bado anakwenda kila asubuhi kupanga magazeti kwa sababu hawaamini waliompokea. Mimi ndiye niliyeweka vigae vya pale mapokezi, naye alinisimamia wiki nzima akininong'oneza nipunguze kugonga. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ya kuvuka meza. Baba akasema huyu ni rafiki yake wa magazeti. Nikaamkia, nikaitikiwa, sauti kama ukurasa unaogeuzwa.

Kabla ya kupanda, kila abiria anapimwa uzito ili wapange nani akae wapi. Hapo Baba alikuwa nyumbani. Alisimama kando ya mizani akikisia uzito wa kila mtu kabla mshale haujatulia, na hakukosea hata kilo moja. Mimi aliniambia themanini na tatu, na kwamba wifi yako ananipikia vizuri. Hata binti aliyesimamia mizani Baba alimtajia sitini na moja, binti wa watu akaona haya. Kisha akapanda Bi Mkutubi. Sote tukamgeukia Baba. Baba akaangalia, akafumbua mdomo, akaufumba. Akasema tu kwamba mzigo uko salama. Bi Mkutubi akamchapa begani kwa mkoba. Mimi, badala ya kujiuliza ni lini Baba aliwahi kunyamazia uzito wa kitu chochote, nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

Kwa hesabu ya kilo nikapangwa mbele, pembeni mwa rubani, na wale wawili nyuma. Dada, kule mbele sakafu ni kioo. Miaka kumi na saba nawawekea watu sakafu, na kazi ya kwanza ya sakafu ni kumficha mtu asijue kilicho chini yake. Rubani alikuwa mwanamke kijana, mtulivu kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Akatuvisha hedfoni zenye kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo, akatueleza kwamba humo ndani kelele ni nyingi, kwa hiyo tutasikilizana kwa hizo tu, na kila atakalosema mmoja wote watalisikia. Naomba ulikumbuke hilo.

Tukapaa. Sitakueleza kupaa, kwa sababu macho niliyafumba. Nilipoyafumbua tulikuwa juu ya maghorofa, na jiji lote limelala chali. Sikujua kama mapaa yana maisha yake. Nguo zimeanikwa, matangi ya maji yamejipanga, magodoro yanapigwa jua, na juu ya jengo la benki, lile lenye vioo vya buluu, mtu mzima anaoga kwa ndoo akiamini hakuna amwonaye. Rubani akaanza maelezo yake aliyoyakariri: hili lina ghorofa arobaini, lile lilijengwa kwa miaka mitatu. Baba akamkatiza. Akasema lilijengwa kwa miaka minne na miezi miwili, na wa kuulizwa ni yeye, kwa sababu boriti ya mwisho aliipandisha mwenyewe na upepo ulikuwa wa kaskazini. Rubani akacheka, akamwomba aendelee yeye. Basi Baba akawa ndiye mwongozaji. Dada, ungemsikia! Hakupiga kelele. Zile hedfoni zilimletea sauti hadi ndani ya sikio, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliongea taratibu kama watu wengine, kwa sababu aliwasikia watu wengine.

Halafu akaliacha ghorofa moja bila kulimalizia. Nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anapiga moyo konde.

"Lile swali langu," akasema. "Mbona hunijibu?"

"Nimekujibu mara tatu," Bi Mkutubi akamjibu, na sauti yake kwenye hedfoni ilikuwa karibu kama mtu aliyekaa begani kwangu. "Kila nikijibu unatikisa kichwa, unakunja gazeti, unaondoka."

"Sikusikia. Nikaona haya kukuuliza tena, nikadhani umekataa kistaarabu."

"Kwa hiyo ukawa unarudi kila mwezi kuniuliza upya?"

"Nilidhani labda umebadilisha mawazo."

Nikataka kugeuka nyuma, lakini kugeuka kulihitaji kuachia nilichokishika. Rubani alikuwa ameacha kabisa habari za maghorofa. Baba akauliza basi jibu lilikuwa nini. Bi Mkutubi akasema lilikuwa ndiyo, mara zote tatu, ila lina sharti: hataingia nyumba ya watu ambao watoto hawajaridhia. Kwake kuolewa ukubwani si aibu, aibu ni kuingia mahali na watu wakatoka.

Baba akaniita kwa jina langu la utotoni, lile ambalo ninyi wawili tu ndio mmebaki kulijua. Akaniuliza nasemaje. Nikasema nimeridhia, na ni kweli niliridhia, ingawa wakati ule ningeridhia hata kuolewa mimi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Na dada yako?"

Hapo pakawa na kimya cha helikopta, yaani kelele tupu. Mimi na Baba tunayakumbuka maneno yako. Siku tuliyomzika Mama ulisimama mlangoni, ufunguo wa kabati lake mkononi, ukasema mwanamke mwingine akiingia nyumba hii, wewe hutaikanyaga. Ni miaka sita. Baba hajawahi kulitaja neno hilo, lakini hajawahi kulisahau. Tulikuwa tayari tumegeuza kurudi, uwanja nauona kule chini ukiwa mdogo kama kigae kimoja, nami nimeshaanza kumshukuru Mungu. Ndipo yule rubani, Mungu amsamehe, akasema kwa furaha kwamba tusiwe na haraka, mambo ya familia hayaharakishwi, atatuzungusha duru nyingine bure hadi tuyamalize. Na chombo kikalala upande. Upande wangu.

Dada, nimezunguka sana kama ile helikopta, sasa natua. Nilisema umeridhia. Nilisema uliniandikia mwenyewe, kwamba ulishahisi mambo ya Baba na maktaba, ukaniambia akipata mtu wa kumfaa nisimzuie. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba ulilia kwa furaha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa duara, na ningesema lolote ili ikatike. Rubani akashangilia akipiga makofi kwa mikono yote miwili, nami nikapiga yowe ambalo nimeambiwa lilisikika hadi kwa waongoza ndege.

Ungekuwa ni uongo wa woga peke yake, ningekuomba radhi kwa mistari miwili na kuishia hapo. Lakini tulitua. Miguu yangu ilikuwa juu ya zege, mwili umetulia, nafasi ya kusema ukweli ninayo. Baba akavua hedfoni, na masikio yake yakarudi kuwa yale yale. Akamwomba Bi Mkutubi alirudie lile jibu, alisikie kwa sikio lake mwenyewe. Akalirudia kwa sauti yake ya maktaba. Baba akainamisha kichwa, hola, hakusikia kitu. Akarudia tena, hola. Basi yule mama aliyetumia maisha yake yote kuwanyamazisha watu akaweka mkoba chini, akashika mashavu ya Baba, akapaza sauti: "NDIYO!" Binti wa mizani akaangusha daftari. Watalii waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Na Baba, Dada, alicheka. Si kile kicheko cha kuwaridhisha wageni. Tangu Mama aondoke anakula amesimama jikoni, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa kazini. Hilo nimekuficha kwa sababu usingepata usingizi. Nikamtazama anavyocheka, nikaufunga mdomo wangu. Angani nilidanganya kwa kuogopa. Ardhini nilinyamaza kwa kupenda, na kosa langu halisi ni hili la pili.

Nilipompeleka Bi Mkutubi kwake, aliniuliza jambo moja tu, picha ya Mama imetundikwa wapi. Nikamwambia sebuleni, juu ya redio. Akaniomba nihakikishe haiondolewi. Akasema kitabu hakitolewi rafuni kwa sababu kimeletwa kingine. Nikajifanya natafuta gia.

Sasa, wanakuja kwako. Baba ameshakata tiketi za basi. Watafika Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, kukushukuru kwa baraka ambazo hujazitoa. Barua hii nimeilipia ile ya haraka ili iwatangulie. Sikuombi uendelee na uongo wangu. Ukitaka kunitukana, nitukane, nimejiandaa, na wifi yako ameomba nimsomee matusi yakifika. Ukitaka kumwambia Baba ukweli, mwambie. Ni haki yako, kwa kuwa kilichotumika ni kinywa chako bila ruhusa yako. Ninachoomba ni kwamba umfungulie mlango kwanza. Mwache akae. Mtazame anavyokula akiwa ameketi na mtu pembeni. Kisha useme litakalokutoka moyoni, na likiwa hapana, mimi mwenyewe nitasafiri kuja kulichukua na kulibeba.

Msalimie shemeji, asinyanyue vitu vizito. Wabusu wapwa zangu wote, hata yule mkubwa anayesema hataki tena kubusiwa. Wifi yako anakusalimu sana na anasisitiza kwamba yeye hakuhusika.

Ni mimi mdogo wako wa pekee, ambaye hutapata mwingine,

Fundi

Nilikuwa nishaifunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Yule rubani amepiga simu kuuliza siku ya harusi, anataka kuomba ruhusa kazini mapema. Nimemwambia tunasubiri neno lako.