Baraza la Mzee Rajabu

Jumatatu, 21 Julai
Nimechelewa kazini tena. Sababu ni ile ile, nyumba ya Mzee Rajabu. Nikitoka getini naikuta mbele yangu, nasimama, mwenye pikipiki anapiga honi. Mwaka wa tatu huu Nyamirambo, hapa Kigali, na bado sijaizoea. Nyumba nyingine za njia yetu ni kijivu na krimu, adabu tupu. Hii imejipamba. Vipande vya sahani na vigae kuanzia msingi hadi madirishani. Shingo za chupa za kijani juu ya mlango, jua linapita humo. Na barazani, chini ya paa, imigongo, michoro ya mkono wa marehemu mkewe: samadi na majivu vilivyokandwa vikatuna ukutani, vikapakwa nyeusi, nyekundu, nyeupe. Pembe juu ya pembe, kama meno ya msumeno. Naipenda kupita kiasi, na si yangu.
Mzee mwenyewe haioni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka minne sasa.

Jumatano, 23 Julai
Zulfa, binti yake, kampeleka hospitali. Watampasua jicho la kulia kesho. Nilimshika mkono hadi kwenye teksi. "Mwalimu," aliniambia, "nikirudi naanza na baraza. Mama Zulfa nitamusalimia kwanza." Mimi si mwalimu, nafanya kazi ofisini huko Sonatubes, ila mtaani hapa Mtanzania yeyote ni mwalimu. Machozi yalinitoka. Nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 25 Julai
Kesho umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Innocent, kiongozi wa nyumba zetu, kaniomba niandike tangazo kwa Kiswahili kwenye kundi la simu, kwa ajili ya Wakongo wa nyumba za chini. Kuta zote zinazotazama barabara zipakwe nyeupe. Nimeandika mbiombio nikisubiri pikipiki. Nakwenda Masaka, pembeni mwa jiji, rafiki yangu kahamia nyumba yake mpya. Nalala huko.

Jumamosi, 26 Julai
Umuganda nimefanyia Masaka, kuchimba mtaro. Barabara hazina magari hadi saa tano. Nimefika nyumbani saa nane.
Wamepaka baraza.
Lote. Imigongo nyeupe kama yai. Sahani nazo, hadi pale mkono wa mtu unapofika. Innocent anafuta jasho, uso unang'aa: "Mwalimu, tumeanza na ya Mzee! Akitoka hospitali atakuta iko safi." Yeye kahamia mwaka huu tu, hakujua michoro ile ni ya nani. Wenyeji walidhani Zulfa ndiye kaomba, na Zulfa yuko hospitali. Walimfanyia zawadi, maskini.
Na mimi ndiye niliyeandika "kuta zote". Sikuwahi kuuhesabu ule kuwa ukuta, ndiyo maana haukunijia akilini.

Jumapili, 27 Julai
Tumesugua tangu asubuhi, mtaa mzima. Maji ya moto, visu vya mezani, kucha. Sahani na vigae vimekubali, vinang'aa kuliko zamani. Imigongo imekunywa rangi. Ukisugua, inamomonyoka. Nilivunja ncha ya pembe moja, nikatupa kitambaa.
Innocent hajala tangu jana. Anataka tumwambie Mzee ni mvua. Mvua ya Julai! Nilimwita mjinga. Halafu nikaiwaza kwa dakika nzima.

Jumanne, 29 Julai
Karudi. Anaona. Alisimama getini akisoma vipande: kikombe cha mama yake, sahani za harusi, kigae cha msikiti wa zamani. Anacheka peke yake. Tukamfuata nyuma kama washtakiwa. Akapanda barazani.
Akaweka kiganja ukutani. "Rangi yake iko wapi?"
Innocent alifungua mdomo, nikamtangulia. Nikasema ni mimi, tangazo niliandika mimi. Kaingia ndani, kafunga mlango polepole. Heri angenitukana.

Jumatano, 30 Julai
Hajatoka. Zulfa anasema anakula. Basi.

Alhamisi, 31 Julai
Kaniita. Mkekani kaweka masizi yaliyokorogwa, udongo mwekundu, brashi. "Uko na mikono?" Ninayo. "Basi kaa." Kumbe miaka yote minne alikuwa akiupapasa ukuta kila siku. Kila pembe anaijua kwa vidole, na rangi yake anayo kichwani. Hasalimii, hasemi pole. Anaelekeza.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemaliza pembe ya kwanza, nyeusi. Siku kumi na moja. Mzee kasogea hadi pua ikagusa ukuta. Kasema nimepindisha, Mama Zulfa angeifuta. Nikachukua kitambaa. Kanishika mkono.
"Wacha. Hiyo ni yako."
Kisha kanionyesha inayofuata. Ni nyekundu.