Siku Moja Iliyobaki Buffalo

Jumapili, 1 Desemba
Gus kaninunulia daftari la bluu. Hilo ndilo rasmi: naandika nimelala wapi, basi. Hili jekundu ni langu, na akilisoma shauri yake.

Ndiyo maisha yetu tangu auze kiwanda cha madirisha. Jimbo la New York linataka kodi ya mapato, Florida haitaki hata senti, basi mume wangu kaamka asubuhi moja akawa mtu wa Florida tangu kuzaliwa. Mimi nikagoma kuuza nyumba ya Buffalo, hukohuko New York. Wakili akasema sawa, mradi nisikanyage New York zaidi ya siku mia na themanini na tatu kwa mwaka. Ukikanyaga dakika moja, ni siku nzima. Ukizidisha siku moja, wewe ni mtu wao, na kodi unalipa.

Nimeshatumia mia na themanini na mbili. Kiangazi kizima nilikuwa kwa Tess, binti yetu anayeishi hukohuko New York, mimba ikimsumbua hadi akaambiwa asiinuke kitandani. Imebaki moja. Mtoto anatarajiwa tarehe kumi na mbili.

Gus, mdomo umejaa mkate: hawezi kusubiri Januari, hesabu ianze upya?

Hakuwa anatania!

Jumanne, 3 Desemba
Wakili kapiga simu. Hakuuliza habari zangu. Kauliza mbwa analala wapi.

Kumbe wachunguzi wa kodi, wakitaka kujua kwenu hasa ni wapi, hutazama vitu vya moyoni — picha ya harusi, mapambo ya Krismasi, mbwa. Mke anaweza kuzurura, lakini mbwa akionekana Buffalo, mmekwisha. Kwa hiyo Kluska wangu, miaka kumi na tatu, ana leseni ya Florida, daktari wa Florida, na picha chini ya mnazi. Kwenye picha ana sura ya mtu aliyetekwa nyara. Joto hili limemshinda, anashinda kwenye vigae vya bafuni. Hajabweka tangu Machi.

Ijumaa, 6 Desemba
Chakula cha mchana na majirani. Mmoja wa Ohio, mmoja wa Illinois, wawili wa New Jersey. Mwenyeji wa Florida alikuwa mmoja tu, yule aliyetuletea sahani. Nusu saa ya kwanza kusifu kutolipa kodi. Saa nzima iliyofuata kulalamika: gari la wagonjwa linachelewa, wauguzi hawapatikani, bima ya nyumba imepanda tena kwa sababu ya vimbunga. Huduma ziko wapi? wanauliza. Nikacheka peke yangu. Gus akanikanyaga mguu.

Jioni Tess kapiga. Hospitali ya mji wao imefunga wodi ya wazazi, bajeti haitoshi. Watu wanahama, kodi inapungua, wodi inafungwa, na wengine nao wanaona heri wahame. Itabidi aende kujifungulia Buffalo, dakika hamsini kwa gari, kwenye theluji. Na yule aliyenunua kiwanda chetu anahamishia mashine Tennessee. Watu thelathini na wanane hawana kazi.

Gus alisikia yote. Kisha akasema leo kuna upepo mzuri. Nilimwonea huruma, halafu nikajikataza.

Jumatano, 11 Desemba
Fort Erie, Kanada! Nimepanda ndege hadi Toronto, nimekodi gari, nimepanga chumba kando ya mto. Ng'ambo ni Buffalo. Hospitali iko dakika kumi kupita daraja. Nimekaa nchi ya watu natazama kwetu dirishani.

Kluska ninaye. Gus alipogundua alipiga kelele: "Na mbwa? Marlene, umechukua MBWA?" Nilipoaga mimi hakupandisha sauti hata kidogo.

Mwenye nyumba, Bi Doreen, kaniuliza kama natoroka polisi. Nikamwambia kodi. Akasema, "Uuu, pole mama. Afadhali polisi."

Ijumaa, 13 Desemba
Bado. Uchungu unakuja na kupotea. Nilitaka kuvuka, Tess akakataa: "Mama, usije mpaka nikwambie. Usije ukaipoteza siku yako bure."

Mwanangu anahesabu uchungu wake, na hapo hapo ananihesabia siku zangu. Nimelia. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Gus kapiga na habari njema: siku za kulazwa hospitalini hazihesabiwi. Nikivunjika mguu kulekule Buffalo, hakuna tatizo. Miaka arobaini ya ndoa, na bado anajua maneno matamu.

Jumatatu, 16 Desemba
Saa tatu asubuhi, Tess: "Chupa imepasuka, Mama. Njoo."

Naandika hapa darajani, upande wa Marekani, nimewekwa kando. Ilikuwa hivi. Foleni, theluji, Kluska mapajani. Tess kapiga tena: daktari anasema mtoto wa kwanza, huenda akafika kesho. Kesho sina! Gus kaandika: uwe umerudi Kanada kabla ya saa sita usiku, mtoto awe kazaliwa au hajazaliwa.

Afisa wa mpakani akainama dirishani. "Unaishi wapi, mama?"

Leseni yangu ya udereva inasema Florida. Pasipoti haisemi. Gari la Kanada. Kluska akanusa hewa, akasimama, akabweka. Akabweka tena, kichwa kimeelekea Buffalo, mkia haushikiki.

"Huyu anajua anakokwenda," afisa akacheka. "Na wewe?"

"Nyumbani."

"Florida?"

Nikatikisa kichwa. Akaacha kucheka, akanionyesha pa kuegesha.

Sasa nimepewa fomu. Mstari wa kwanza jina. Wa pili, makazi ya kudumu. Simu inaita — Gus. Imekatika, inaita tena. Afisa anasema mama, jibu simu yako au jaza fomu, moja kati ya hayo.

Nimeshaandika namba ya nyumba. Ya Buffalo. Kwa wino.