Kufutwa kwa Sauti ya Mwalimu Celestini

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Shamimu Makame Luqmani
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi na muuzaji wa kompyuta
Dini: Mwislamu
Makazi: Rulenge, Wilaya ya Ngara
Tarehe: 13 Novemba 2024

Mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa nimeonywa kusema kweli, naeleza kama ifuatavyo.

Nina duka la kutengeneza kompyuta hapa Rulenge, karibu na soko. Namfahamu Speciose Nshimirimana, mkulima wa Kasulo, tangu mumewe, Mwalimu Celestini, alipokuwa hai. Laptop yao waliinunua kwangu. Mwalimu alifariki mwaka jana kwa saratani ya koo. Kabla ya upasuaji uliomwondolea sauti, alijirekodi video nyingi akiongea na binti yake Keza, ambaye sasa ana miaka sita. Alimwimbia nyimbo za Kihangaza, akamsimulia hadithi, hata akamfundisha kufunga kamba za viatu. Speciose aliniambia mtoto huzitazama kila akitoka shule.

Mnamo tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, Speciose alikuja dukani na Keza. Walikuwa na Danstan, kaka mkubwa wa marehemu, mfanyabiashara wa mahindi anayeishi Nyamigogo, Biharamulo. Laptop ilikuwa inachelewa sana kuwaka na diski yake inagonga. Nikawaambia diski hiyo haina muda mrefu.

Speciose akaniuliza, "Dada, sasa niweke ya namna gani?"

Nilimweleza kuwa zipo mbili. Diski ngumu ina sahani inayozunguka ndani, inabeba vitu vingi kwa bei nafuu, lakini haipendi kutikiswa, na yeye husafiri na laptop kwa bodaboda. Ya flashi, ambayo wengi wanaiita SSD, haina kinachozunguka. Ni nyepesi, ina kasi, na mtikisiko hauisumbui.

Danstan akauliza, "Na kitu kikifutwa humo, kinarudi?"

Nikamjibu kwamba kwenye diski ngumu fundi mara nyingi anaweza kukirudisha, lakini flashi hujisafisha yenyewe, kwa hiyo kikishafutwa kabisa ni vigumu sana. Ndiyo maana nilimshauri Speciose aweke flashi ndani ya laptop, na ile diski ya zamani aitunze nyumbani iwe nakala. Danstan alinisikiliza vizuri. Akasema, "Weka flashi, shemeji. Nitalipa mimi. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu." Speciose alipiga goti kumshukuru.

Nilihamisha vitu vyote, nikajaribu video moja. Sauti ya mwalimu ikatoka: "Keza, umeshakula? Haya, kaa vizuri nikuambie." Keza akakaa vizuri palepale kwenye benchi, mikono mapajani. Danstan akatoka nje.

Mchana Speciose alienda hospitali kuchukua dawa za mama yake. Aliniachia mtoto na laptop. Diski ya zamani ilikuwa juu ya kaunta. Danstan akarudi peke yake, akaketi kando ya Keza na laptop mapajani. Mimi nilikuwa nachomelea waya wa chaja, nimewapa mgongo, lakini nilikuwa nasikia.

Alisema, "Keza, baba yako anakaa wapi humu?"

"Hapa."

"Hutaki atoke, mwende naye nyumbani?"

Mtoto alicheka, akasema anataka.

"Basi shikilia hapa, halafu bonyeza hapa. Ikikuuliza, bonyeza tena."

Nilidhani anacheza naye. Kisha nikamsikia Keza akisema, "Baba mkubwa, mbona hatoki?"

Nikageuka. Folda ya zile video ilikuwa tupu. Nilikimbilia laptop niizime, kwa sababu ikizimwa mapema kuna vitu vinaweza kuokolewa. Danstan aliinyanyua juu ya kichwa chake, ikiwa inawaka, akanisukuma kwa mkono mwingine mpaka nikaangukia kaunta. Baada ya muda wa kutosha flashi kujisafisha, akaiweka chini taratibu. Akachukua ile diski ya zamani, akailaza kwenye sakafu ya saruji, akaipiga kwa jiwe ninalozuilia mlango.

Nikapiga kelele, "Mzee, hiyo ndiyo nakala!"

Akanijibu, "Najua. Si ulitueleza mwenyewe?"

Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto. Akamwambia, "Sare nanunua mimi, madaftari nanunua mimi, halafu unaniita baba mkubwa kwa sababu kila siku unaongea na maiti. Sasa baba ni mimi. Sema."

Keza akageukia laptop. Danstan akamshika kidevu. "Sema." Mtoto akajikojolea. Danstan akasimama, akapangusa mikono, akaniomba risiti ya ile flashi, akaondoka.

Speciose aliporudi nilimweleza. Hakulia. Alipiga magoti akaokota vipande vya diski, pamoja na chembe za saruji, akavifunga kwenye kitenge. Keza alikuwa bado anabonyeza. Mama yake akamshika mikono, akasema, "Basi, mwanangu. Basi."

Nilihangaika na flashi mpaka adhana ya magharibi. Yalirudi majina ya faili tu. Moja liliandikwa "Keza akifika darasa la saba". Nililifungua, halikuwa na kitu. Diski ya zamani sahani yake ni ya kioo, na ilikuwa imesagika.

Leo, tukiwa njiani kuja hapa kituoni, Keza aliniuliza, "Shangazi, mimi ndiye niliyemfuta baba?" Nilimwambia hapana. Hakuniamini. Kwa hiyo naomba iandikwe kwamba kidole kilikuwa cha mtoto, lakini aliyefuta ni Danstan.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: S. M. Luqmani

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ndassa. Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi na amesaini mbele yangu. Mtuhumiwa amepigiwa simu. Amesema haoni kosa lake, kwani fundi mwenyewe ni shahidi kwamba mtoto ndiye aliyebonyeza.