Mfano wa Papa Anatole

Orpa, hata kama uko kazini huko Mbarara, soma hii. Nimefanya ubaya leo.

Nilikuwa nafundisha wazee wakimbizi wa hapa kambini Kashojwa ule usemi wa Kiingereza wa kofia kuanguka, "at the drop of a hat". Nikaandika ubaoni maana zake: ghafla, papo hapo, bila kuwaza.

Halafu mimi, na mdomo wangu huu, nikaongeza hapo ubaoni mfano wa mzee mmoja wa darasa: "Papa Anatole alikimbia kwao Fizi, Kongo, ghafla, bila kuwaza." Batu bakacheka. Na mimi nikacheka, Orpa! Nilicheka!

Papa akasimama, akavua kofia. "Mwalimu, haikuwa ghafla. Tulingojea mutoto wetu siku tatu. Ndipo tukaenda bila yeye."

Nikasema pole. Nikashindwa hata kufuta ubao.

Akaketi, akafungua daftari, akanakili mfano wangu wote.